Kijiti cha Mganga na Koo la Mgonjwa

Ni nani kati yetu asiyejua adha ya kijiti cha mganga? Umeingia, umeketi kitini, nawe waambiwa: "Fungua kinywa, toa ulimi, sema aaa." Hujamaliza kusema, kijiti kimekwisha kufika nyuma ya ulimi, mara koo lakaza, macho yajaa machozi, na tumbo zima lataka kupanda juu. Watoto hulia, wazee hukasirika. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tulimng'ata mwuguzi kidole kwa sababu hiyo, wala hatusemi haya kwa kujisifu.

Mara nyingi mganga atafuta vidonda tu, au uvimbe wa mafindofindo, na kijiti kikigusa mbali mno ni kwa bahati mbaya. Lakini iko siku ambapo agusa kusudi. Mtu ameshikwa na kiharusi, au ameanguka kutoka mwembeni akaumia kichwa, au sauti yake imegeuka ghafla naye hana mafua: hapo mganga ataka kuona kama koo litashtuka. Swali lake lahusu ubongo, na koo ndilo lijibulo.

Twataka kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu tumeona kwa macho yetu jinsi jibu la koo linavyoweza kusomwa vibaya, hata mgonjwa akaponea chupuchupu.

Mgonjwa huyo ni jirani yetu, mzee mshonaji wa nguo, mtu wa maneno mengi na mzaha. Asubuhi moja alianguka kando ya cherehani yake. Mkono na mguu wa kuume ulilegea, kinywa kikaenda kombo, na maneno yake yakawa mazito kama ya mtu mwenye tonge kinywani. Wanawe wakampeleka hospitali siku ileile. Jioni tulipokwenda kumtazama tulimkuta amelala chali, na binti yake mkubwa ameketi karibu naye, amepakata sufuria ya uji iliyofungwa kitambaa isipoe. Tangu alfajiri mzee hakutia kitu kinywani, na binti alikuwa na uchungu: baba atalalaje na njaa?

Mwuguzi kijana akapita. Binti akamwuliza, "Kaka, baba aweza kula?" Kijana yule, naye kwa nia njema, akachukua kijiti akagusa nyuma ya ulimi wa mzee. Mzee alishtuka sana, akakokomoa, nusura atapike. "Koo lake ni zima, dada," akasema mwuguzi. "Mpe kidogo kidogo." Sote tulifurahi. Binti akampa vijiko kumi, labda kumi na viwili, na mzee hakukohoa hata mara moja. Jambo moja tu tuliliona, wala hatukulijali: baada ya uji sauti yake ilikuwa ya majimaji, kama ya mtu asemaye huku anasukutua.

Siku ya tatu alishikwa na homa kali na kichomi. Uji haukuwa umekwenda wote tumboni. Sehemu yake ilikuwa imeingia mapafuni.

Ilikuwaje, ikiwa koo lilishtuka vizuri namna ile? Hatuna budi kwanza kutazama kazi ya kijiti.

Ubongo una jozi kumi na mbili za mishipa ya fahamu itokayo moja kwa moja kichwani, na waganga huihesabu kwa namba, tangu mbele hata nyuma. Wa kwanza ni wa kunusa, wa pili wa kuona, na hivyo mpaka wa kumi na mbili, ambao husogeza ulimi. Wa tisa na wa kumi ndiyo tunayoitafuta leo. Hutoka sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, karibu na mahali linapoungana na uti wa mgongo. Sehemu hiyo ina urefu wa sentimeta 3 hivi, lakini humo ndimo yanamotawaliwa mambo ya kupumua, ya mapigo ya moyo, ya kumeza, ya kukohoa na ya kutapika. Nyumba ni ndogo, nao wapangaji ni wakubwa.

Mshipa wa tisa hupeleka habari: kitu kigeni chagusa nyuma ya koo. Shina la ubongo lapokea habari hiyo, nalo, bila kungoja shauri la mwenye koo, latoa amri kwa njia ya mshipa wa kumi: kaakaa laini lipande, koo lijikaze, kitu kitoke nje. Mtu aliyezoea kushtuka akiapa kwamba leo hatashtuka, ashtuka vilevile. Ndiyo maana waganga huupenda ushahidi wa namna hii. Goti nalo ni hivyo: mwaka 1875 Wajerumani wawili, Erb na Westphal, waliandika kila mmoja kwa upande wake kwamba mtu akigongwa chini kidogo ya pia ya goti, mguu waruka wenyewe, na tangu hapo waganga wakapata njia ya kuuliza habari za uti wa mgongo bila kumpasua mtu. Mwaka 1896 Babinski, huko Paris, akaongeza swali la unyayo: ukikwaruzwa, je, kidole gumba cha mguu chajikunja au chainuka? Swali la koo ni la ukoo huohuo.

Mganga mwenye ujuzi haanzi na kijiti. Kwanza asikiliza sauti: yakwaruza? yapitia puani? Kisha amwambia mgonjwa afungue kinywa na kusema aaa, naye amulika kwa kurunzi, akitazama kaakaa laini na kimio, yaani kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma. Kwa mtu mwenye afya kaakaa hupanda sawasawa pande zote mbili, nacho kimio hubaki katikati. Upande mmoja ukiwa umepooza, ule mzima ndio uvutao, na kimio huelekea upande mzima. Twaomba wanafunzi walikumbuke hilo, maana wengi hulikosea katika mtihani: kimio huukimbia ugonjwa. Ulimi hufanya kinyume. Ukitolewa nje, huelekea upande ulio dhaifu.

Ndipo achukuapo kijiti chenye pamba kwenye ncha. Agusa koo upande wa kuume, kisha wa kushoto, akiuliza kila mara: "Wasikia, baba? Huku na huku ni sawa?" Kama akigusa kushoto pana kimya, bali akigusa kuume kaakaa lote lapanda, basi mpeleka habari wa kushoto, mshipa wa tisa, ndiye mwenye kasoro. Kama nusu ya kushoto ya kaakaa haipandi kamwe, hata aguse upande gani, basi mtenda kazi wa kushoto, mshipa wa kumi, ndiye aliyeshindwa. Faida halisi ya kijiti ni hiyo: kulinganisha pande mbili za mtu yuleyule.

Aliyetuachia mfano mzuri wa kusoma dalili za namna hiyo ni Adolf Wallenberg, mganga wa mji wa Danzig, ambao leo ni Gdańsk katika nchi ya Poland. Mwaka 1895 alitangaza habari za mgonjwa wa miaka 38 aliyeshikwa ghafla na kizunguzungu, akashindwa kumeza, sauti ikakwaruza, ganzi ikamshika uso upande mmoja na mwili upande wa pili. Siku hizo hapakuwa na mashine ya kuupiga ubongo picha. Wallenberg alikuwa na macho, vidole, vyombo vichache vya mkononi na subira nyingi. Akakata shauri kwamba kimezibwa kimshipa kimoja cha damu kinacholisha ubavu wa shina la ubongo. Miaka kadhaa baadaye mgonjwa alifariki, ubongo wake ukachunguzwa, na mwaka 1901 Wallenberg akaonyesha kwamba kidonda kilikuwa palepale alipopataja. Mpaka leo ugonjwa huo waitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alikuwa Myahudi; uzeeni alilazimika kuwakimbia Wanazi, akafa Marekani mwaka 1949.

Kijiti chatumika pia kwa mgonjwa aliye katika usingizi mzito asioamka. Mwaka 1968 wataalamu wa Harvard, huko Marekani, walipoandika dalili za ubongo uliokufa kabisa, walitaja koo lisiloshtuka pamoja na macho yasiyoitikia mwanga na pumzi isiyokuja yenyewe. Hata hapo koo halitoi ushahidi peke yake.

Basi kijiti kina kazi yake, nayo ni ya heshima. Matata yalianza watu walipokitaka kijibu swali lingine: je, mgonjwa huyu aweza kumeza bila hatari? Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, wauguzi na hata waganga walilitegemea jibu hilo. Koo likishtuka, lete uji. Lisiposhtuka, ondoa uji.

Mwaka 1995 waganga wa Uingereza walitangaza katika gazeti la uganga liitwalo The Lancet kwamba wamepima koo za watu 140 wenye afya, vijana na wazee. Kumbe watu 37 katika kila 100 hawakushtuka! Wazee wasioshtuka walikuwa wengi kuliko vijana wasioshtuka. Na watu hao wote walikuwa wakila na kunywa nyumbani kwao kama wewe na sisi. Karibu wote walisikia walipoguswa. Ila mmoja tu ndiye aliyekuwa na koo lenye ganzi. Fikiri basi, mzee wa kiharusi apimwa, koo lake kimya. Je, ni kiharusi kilichofanya hivyo, au ndivyo alivyokuwa tangu ujana wake? Nani atajua, ikiwa hakuna aliyempima siku za uzima wake?

Tena mazoea hubadili koo. Anayesugua ulimi wake mpaka nyuma kila asubuhi ajua kwamba majuma ya kwanza ni mateso, baadaye koo lazoea. Huko ng'ambo wapo watu ambao riziki yao ni kumeza panga mbele ya watazamaji. Mwaka 2006 gazeti la waganga wa Uingereza lilieleza jinsi wanavyojifundisha kwa kutia vidole kooni, na wengine vijiko, mara nyingi mno, hata mshtuko ukalala. (Vijana wanaosoma haya wasijaribu: gazeti hilohilo lilihesabu pia majeraha yao.) Na huko Paris katika karne ya 19, koo lisiloshtuka lilihesabiwa kuwa dalili mojawapo ya histeria. Wanawake wengi walibandikwa jina hilo. Twaogopa kwamba baadhi yao walikuwa tu na koo la kawaida, kama wale 37.

Lakini upande wa pili wa jambo ndio wa hatari zaidi, nao ndio uliompata jirani yetu. Koo laweza kushtuka kwa nguvu, hata kupita kiasi, na mwenyewe asiweze kumeza.

Kushtuka ni kutoa, kumeza ni kuingiza. Mishipa ni ileile kwa sehemu, ila mpango ni mwingine. Mtu akimeza, ulimi husukuma tonge nyuma, kaakaa hupanda kufunga njia ya pua, zoloto huinuka (jishike shingoni ukimeza mate, utaisikia), njia ya pumzi hufungwa, na kupumua husimama kidogo mpaka tonge lipite. Mambo hayo yote hutimizwa kwa muda wa nukta moja hivi, kila moja kwa zamu yake, na mishipa ya tano, ya saba, ya tisa, ya kumi na ya kumi na mbili yashirikiana. Amri ya kuanza hutoka ubongo wa juu. Kiharusi kikizikata njia zishukazo kutoka huko juu, hasa zikikatwa pande zote mbili, shina la ubongo hubaki kama askari wa zamu aliyepotewa na afisa wake: kitu kikimgusa apiga risasi ovyo, lakini kupanga msafara hawezi.

Na kikohozi je? Sisi wazima, maji yakipotea njia, twapaliwa. Twakohoa mpaka machozi yatutoke, na wenzetu hutupiga mgongoni wakicheka. Baada ya kiharusi ulinzi huo waweza kusinzia. Uji huingia njia ya pumzi bila kelele yoyote, na jamaa husema, "Tazama jinsi alivyokula vizuri." Kimya cha mzee wetu tulikidhania raha.

Wagonjwa wa kiharusi wanaopata shida ya kumeza katika siku za kwanza ni wengi, karibu nusu yao. Kwa bahati njema wengi hupata nafuu katika majuma machache. Ni katika majuma hayo machache kichomi huwaua.

Kwa hiyo siku hizi agizo la waganga ni kwamba mgonjwa wa kiharusi asipewe chakula, wala maji, wala vidonge vya kumeza, kabla hajapimwa kumeza kwenyewe. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani walitangaza njia rahisi isiyohitaji mashine: mgonjwa anywe maji kiasi cha mililita 90, kama nusu ya kikombe kidogo, bila kupumzika. Akikohoa wakati wa kunywa au dakika moja baadaye, au sauti yake ikiwa ya majimaji, hajafaulu. Si kila mgonjwa apewe kikombe hicho mara moja. Kwanza awe macho kabisa, aweze kuketi wima, aweze kukohoa akiambiwa akohoe. Kisha huanza na kijiko kimoja cha chai. Mpimaji huweka vidole juu ya zoloto aone kama yapanda, na baada ya kila kijiko husema, "Sema aaa." Sauti kavu ni habari njema. Hata kipimo hicho hakioni kila kitu, maana wapo wapaliwao kwa siri. Hospitali kubwa zenye mashine huweza kupiga picha za mionzi mgonjwa anapomeza, na hapo njia ya tonge huonekana waziwazi.

Sisi jamaa tunaoshinda kando ya kitanda twaweza kuona mengi kuliko mganga apitaye mara moja kwa siku. Sauti ya majimaji baada ya kunywa. Mate yanayochuruzika pembeni mwa kinywa. Tonge linalobaki shavuni muda mrefu. Homa ijayo siku chache baada ya kuanza kulishwa. Maji yanayorudi kwa njia ya pua. Hili la mwisho, likimpata mtoto majuma machache baada ya kuugua koo, laweza kuwa kupooza kwa kaakaa kuletwako na dondakoo, ugonjwa ambao chanjo ya utotoni huuzuia. Ukiona mojawapo ya haya, weka kijiko chini, umwite mwuguzi.

Mgonjwa akiruhusiwa kula, aketi wima, wala asilishwe chali kama tulivyofanya sisi. Vijiko viwe vidogo, na cha pili kingoje cha kwanza kimezwe. Baada ya kula akae wima nusu saa. Kinywa chake kisafishwe kila siku, hata kama hali kitu, maana mate yenye uchafu yakishuka mapafuni huleta kichomi vilevile. Na kijiti, twaomba, mwachieni mganga. Tumesikia mama mmoja akisema atampima mtoto wake kwa mpini wa kijiko. Mtoto mwenye homa kali, anayetokwa na mate na kupumua kwa shida huku ameinama mbele, akiguswa kooni aweza kuzibwa pumzi papo hapo. Huyo apelekwe hospitali upesi, ameketi hivyohivyo.

Jirani yetu alitiwa mpira mwembamba puani wa kupitisha chakula mpaka tumboni, akapewa dawa za kichomi. Mara mbili aliuvuta mpira akautoa, kwa hasira. Binti yake alijifunza kuutunza. Yule mwuguzi kijana alikuja kila jioni kumwinua mzee wakati wa chakula, wala hakuna aliyemlaumu zaidi ya alivyojilaumu mwenyewe.

Siku ya kumi na sita alikuja mganga, mama wa makamo, ameshika bilauri ya maji na kijiko. "Baba, leo tujaribu," akasema. Mzee akamtazama, akakusanya nguvu zake zote, akasema neno moja zito: "Bukari." Chumba kizima kilicheka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili. "Bukari itangoja, baba," akajibu mganga. Akaweka vidole viwili shingoni mwa mzee, akampa kijiko cha kwanza. Zoloto ikapanda. "Sema aaa." Sauti ilikuwa kavu. Cha pili, kavu. Cha tatu, kavu. Alipompa bilauri anywe mwenyewe, mzee alikunywa funda tatu kisha akapaliwa, akakohoa kwa nguvu hata kitanda kikatikisika. Binti akashika kichwa. Lakini mganga alitabasamu akamwambia kwamba siku zile za kwanza baba yake hakuweza hata kukohoa hivyo. Akachukua bilauri yake, akaandika kitu katika karatasi ya kitandani, akasema atarudi Alhamisi.